Baba Ameacha Kazi, Anafuga Nyuki



Vijana wapendwa, kuna habari inayozunguka sana kwenye familia zetu miaka hii, na safari hii haihusu vijana. Inahusu wazazi. Mtu ana miaka 42, 45, hata 50. Ana kazi ya maana mjini: benki, kampuni ya simu, bima. Ana kitambulisho shingoni, ana kiyoyozi ofisini, ana kadi ya bima ya afya inayotibu familia nzima, na mkopo wa nyumba unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Siku moja anaandika barua ya kuacha kazi. Ukimuuliza anakwenda wapi, anasema anakwenda kufuga nyuki.

Wapo wanaocheka. Wapo wanaopiga makofi, maana siku hizi ukifungua simu tu unakutana na mtu anakwambia thubutu, thubutu, acha kazi uwe bosi wako mwenyewe. Na ndani ya nyumba ya huyo mzee wapo watu ambao hawacheki wala hawapigi makofi. Wanahesabu.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali baada ya semina ya vijana, wenzake wakiwa wameshaanza kupanga viti. Baba yake aliacha kazi ya uhasibu Dar es Salaam akiwa na miaka 44, akachukua akiba yake, akanunua mizinga 60 na kwenda kuitundika porini kwao, upande wa Manyoni, mkoani Singida. Mwaka wa kwanza mizinga iliyoingia nyuki haikufika 20. Binti akatolewa shule ya bweni akahamia shule ya kata. Mama, ambaye hakuwahi kufanya biashara maishani mwake, akaanza kuamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Swali la binti lilikuwa fupi: "Mwalimu, baba anasema Mungu amemwita. Mbona sisi Mungu hakutuambia?"

Mtu angeweza kumjibu haraka haraka kwa Amri ya Nne, waheshimu baba na mama, akaenda zake kimya. Amri ni ya Mungu, haina mjadala. Lakini na swali lake ni halali kabisa, na naomba leo tulibebe kwa uzito wake, kwa sababu wengi wenu mko ndani ya nyumba za namna hiyo, na wengine ndio kwanza mna miaka 24 na mmeshaanza kupanga siku ya kuandika barua kama ile.

Kwanza tuondoe uongo mmoja njiani. Ofisi siyo Misri, na pori siyo nchi ya ahadi, hata kama nchi ya ahadi ilisifiwa kwa maziwa na asali. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi haitoki kwanza kwenye aina ya kazi yenyewe, inatoka kwa yule anayeifanya, kwa kuwa yeye ni mtu. Mhasibu anayekataa kupitisha risiti ya uongo, akanuniwa na idara nzima, huyo yuko kwenye njia ya utakatifu. Mfugaji nyuki anayechanganya asali na maji ya sukari hayuko kwenye njia hiyo, hata kama anaamka na ndege wa porini. Kwa hiyo mtu asituambie ameacha ajira "ili awe karibu na Mungu," kana kwamba Mungu hapandi lifti.

Hata hivyo tusiwe wagumu. Kuna kazi zinazomla mtu. Mzazi anatoka nyumbani watoto wamelala, anarudi wamelala. Anaambiwa atie sahihi mahali ambapo dhamiri inagoma. Mtu wa namna hiyo akitamani kuondoka, tusimwite mvivu wala kichaa. Mathayo aliinuka kwenye meza ya ushuru akaondoka, na hatusomi kwamba alirudi kuchukua kiti chake.

Sasa tuje kwa nyuki wenyewe, maana huyu baba amekwenda kwao na wana jambo la kumfundisha kuliko sisi wahubiri. Yoshua bin Sira anatukumbusha kwamba nyuki ni mdogo miongoni mwa viumbe wenye mabawa, lakini anachokitoa kinazidi utamu wote. Udogo huo tuuangalie vizuri.

Nyuki mfanyakazi, yule tunayemwona kwenye maua, wakati wa msimu wa kazi nyingi huishi kama wiki sita tu. Na katika wiki hizo hafanyi kazi moja. Siku zake za kwanza anasafisha vyumba vya masega. Kisha anakuwa yaya, anawalisha majana, wale watoto wa nyuki. Kisha mwili wake unaanza kutoa nta, anakuwa fundi wa kujenga masega. Anafuata kulinda mlango. Mwishoni, akiwa ameshavuka nusu ya maisha yake, ndipo anatoka nje kwenda kutafuta mbochi, ule utamu wa ndani ya maua, pamoja na chavua na maji. Umeona? Nyuki anabadili kazi, tena kazi ya hatari kuliko zote anaianza akiwa mtu mzima. Kubadili kazi ukubwani siyo uasi. Mungu ameliweka jambo hilo ndani ya mdudu.

Ila kuna kitu kingine. Wataalamu wameona kwamba walezi wa majana wakipungua, baadhi ya nyuki waliokwisha kuanza kutoka nje hurudi ndani kulea. Yaani yule mtafutaji mbochi anaacha maua, anarudi kazi ya uyaya. Kinachoamua ni mzinga unahitaji nini. Hamu ya kuruka pekee haitoshi kuamua.

Na nyuki wana namna mbili za kuondoka nyumbani. Hapa naomba tukae kidogo.

Namna ya kwanza ni kugawanyika. Mzinga umejaa, chakula kipo, majana ni wengi. Malkia wa zamani anaondoka na kundi kubwa la wafanyakazi. Kabla ya kutoka wanajaza matumbo yao asali, kwa sababu huko waendako hakuna sega hata moja. Wakitoka hawaendi mbali mara moja. Wananing'inia kwenye tawi la karibu, wamekumbatiana, huku wapelelezi wakienda kukagua mapango na mizinga mitupu na kurudi kutoa taarifa. Kundi haliondoki mpaka wapelelezi wakubaliane juu ya mahali pamoja. Na nyuma, kwenye mzinga wa zamani, wameacha nini? Wameacha masega, wameacha akiba, wameacha majana na wa kuwalea, wameacha malkia mchanga anayekaribia kutoka kwenye chumba chake. Wameacha nyumba inayoishi.

Namna ya pili ni kuhama. Nyuki wetu wa Afrika wanajulikana sana kwa hili, kila mfugaji wa Tabora au Kigoma atakuhadithia. Siafu wamevamia, moto wa pori umepita, nyegere amepasua mzinga, au mtu amewasumbua mno kwa moshi. Mzinga mzima unanyanyuka, malkia na wote, wanatokomea. Wakiondoka kwa kukurupushwa hivyo, majana wanaachwa ndani. Ukifungua baada ya siku chache unakuta nondo wa nta wameshaanza kula masega.

Ukiwa mbali, makundi hayo mawili yanafanana. Yote yananguruma angani, yote ni wingu jeusi, na mtu asiyejua atasema yote yana ujasiri. Tofauti unaiona ukirudi kufungua mzinga ulioachwa.

Basi mtu akija kwangu kunishirikisha kwamba Bwana anamwita aache ajira akafuge nyuki, simuulizi kwanza juu ya mtaji, wala soko, wala nembo ya kubandika kwenye chupa. Namuuliza: mzinga unaouacha una nini ndani? Ada iko wapi? Mama mzazi aliyekuwa akitumiwa hela ya dawa kila mwezi, nani atamtumia? Mkeo alijua lini, siku ya kuandika barua au siku ya kuipeleka? Mtume Paulo anamwandikia Timotheo maneno makali sana juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake, kwamba ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Hakusema "isipokuwa kama anatimiza ndoto zake."

Kuna habari moja ya asali kwenye Biblia ambayo huwa hatuihubiri sana, iko Samweli wa Kwanza sura ya 14. Kaisome leo jioni. Mfalme Sauli yuko vitani na Wafilisti. Anawaapisha watu wake: alaanike mtu yeyote atakayekula chakula kabla ya jioni, mpaka nijilipizie kisasi kwa adui zangu. Kwa nje ni kitendo cha dini, ni kufunga, ni nadhiri. Nani atabishana na nadhiri? Jeshi linaingia msituni, na humo msituni asali inatiririka chini. Watu wana njaa, wanaitazama asali, na hakuna anayethubutu kupeleka mkono mdomoni. Yonathani, mwana wa mfalme, hakuwepo kiapo kilipotolewa. Akanyoosha fimbo yake, akachovya kwenye sega, akala, na macho yake yakaangaza. Mtu akamwambia baba yako ameapisha. Na Yonathani, mtoto mwema, mpiganaji aliyeianza vita ile, akasema waziwazi kwamba baba yake ameitaabisha nchi.

Jioni ilipofika wale askari walikuwa na njaa kiasi kwamba waliirukia mifugo ya nyara wakala nyama pamoja na damu, jambo ambalo Sheria ilikataza. Nadhiri ya mtu mmoja ikawatumbukiza wengi dhambini. Kisha Sauli, badala ya kukiri kwamba aliapa vibaya, akawa tayari kumuua mwanawe ili kiapo kisimame. Watu ndio waliomwokoa Yonathani, walikataa katakata unywele wa kichwa chake usianguke.

Sauli alitoa nadhiri yake peke yake, ila njaa ya nadhiri hiyo waliibeba wote. Nadhani hili ndilo lililokuwa likimuuma yule binti wa kidato cha tatu. Hakuuliza kwa nini wamekuwa maskini. Watoto wa Kitanzania wanajua kuvumilia, hilo sina shaka nalo. Aliuliza kwa nini baba alimsikia Mungu peke yake, halafu gharama ikaja kugawanywa kwa wote.

Ukitaka kuona namna nyingine ya kuacha kazi, mtazame msimamizi wa wafuga nyuki, Mtakatifu Ambrosi wa Milano. Wengi tunamkumbuka kwa ile simulizi ya utotoni, kwamba kundi la nyuki lilitua usoni pake akiwa kitandani mwake bila kumdhuru, ndiyo maana wachoraji humweka na mzinga pembeni. Simulizi nzuri. Lakini mimi navutiwa zaidi na barua yake ya kuacha kazi, tukiruhusiwa kuiita hivyo.

Ambrosi alikuwa gavana wa dola ya Roma, makao yake Milano. Msomi wa sheria, mtoto wa ofisa mkubwa, mtu wa karibu miaka 35. Mwaka 374 askofu wa mji akafa, na Wakristo wakagawanyika vikali juu ya nani amrithi, Waario upande huu na Wakatoliki upande ule. Gavana akaenda kanisani kutuliza watu, kazi ya serikali tu. Wakati anazungumza, umati ukaanza kupaza sauti kwamba Ambrosi ndiye awe askofu. Pande zote mbili! Naye hata ubatizo alikuwa bado, alikuwa mkatekumeni. Alihangaika kukwepa, akajificha. Mwisho alikubali, akabatizwa, na ndani ya siku chache akawekwa wakfu kuwa askofu, tarehe 7 Desemba, ambayo mpaka leo ndiyo sikukuu yake.

Angalia wito ulivyomfikia. Hakuamka asubuhi amechoka na ugavana. Sauti ilikuja kupitia midomo ya watu wengine, tena watu waliokuwa na uhitaji. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali.

Kisha angalia alivyoondoka. Paulino, aliyekuwa katibu wake na aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba fedha na dhahabu yake Ambrosi aliigawa kwa Kanisa na kwa maskini, na mashamba yake akayatoa kwa Kanisa, lakini akatenga mapato ya mashamba hayo yaendelee kumtunza dada yake, Marselina. Marselina alikuwa bikira aliyewekwa wakfu, hakuwa na mume wa kumtegemea. Unaona? Mtakatifu anayesifiwa kwa kuacha vyote hakumwacha dada yake hewani. Hata kaka yake, Satiro, naye aliyekuwa na cheo serikalini, alikuja Milano kusimamia mambo ya nyumba ili ndugu yake apate nafasi ya kuwa askofu. Familia nzima ilijua. Familia nzima ilikuwa ndani ya wito ule. Hilo ni kundi linalogawanyika, limejaza asali tumboni na limeacha nyumba inayoishi.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, naye aliyeacha maisha ya askari baada ya kuumizwa mguu na mzinga wa vita kule Pamplona mwaka 1521 (akaja kukaa darasani na watoto kujifunza Kilatini akiwa ameshapita miaka 30, kwa hiyo yeyote anayeona aibu kuanza upya ukubwani ana mwenzake mbinguni), ana kanuni moja ambayo ningependa kila kijana aibandike ukutani. Anafundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho, pale sala imekauka, moyo mzito, kila kitu kinachukiza, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Kaa palepale kwanza. Ongeza sala, ongeza toba, subiri. Kwa maana kwenye giza lile anayekushauri mara nyingi siye Roho mwema.

Wafuga nyuki wanalijua jambo hili kwa lugha yao. Mbochi ukifika mzingani ni majimaji. Nyuki wanaupepea kwa mabawa usiku na mchana mpaka maji yapungue, ndipo wanafunika kila tundu kwa nta. Sega lililofunikwa limeiva. Ukivuna kabla halijafunikwa, asali ina maji mengi, unajaza ndoo, unafurahi, na baada ya muda inachacha na kutoa povu. Asali iliyoiva haizidi asilimia 20 ya maji, na iliyoiva kweli inakaa miaka bila kuharibika. Barua nyingi za kuacha kazi zimevunwa mbichi. Zimeandikwa Jumatatu usiku baada ya kugombezwa na bosi mbele ya wadogo zake.

Na hapa kuna jambo ambalo wahamasishaji hawakwambii. Nyuki hawadai uache kazi! Ng'ombe wa maziwa atakudai asubuhi na jioni, kuku watakudai kila siku. Mizinga mitano au kumi iliyotundikwa vizuri shambani kwa babu inaweza kukaguliwa kila baada ya wiki kadhaa, na mavuno yana msimu wake. Mtu anaweza kuianza akiwa bado ameajiriwa, akaitembelea siku za likizo, akajifunza kushika bomba la moshi, akajua kama mwili wake unavumilia sumu ya nyuki, akajua miti gani inachanua lini, akapoteza mizinga miwili kwa nyegere bila mtoto kutolewa shule. Bwana Yesu mwenyewe alitaka anayejenga mnara akae kwanza chini ahesabu gharama. Tabora kuna chuo kizima cha ufugaji nyuki, watu wanasoma mambo haya darasani na porini. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu kuanzia 2008 hadi 2015, alihimiza ufugaji wa nyuki kila alipopata nafasi, naye mwenyewe ni mfugaji. Ni kazi ya heshima. Ndiyo maana haifai kuifanya kichaka cha kujificha.

Na ikishakuwa kazi yako, nayo ina majaribu yake, usidhani umewaacha mafisadi wote ghorofani. Mteja wa mjini hajui asali. Ndoo ya lita 20 yenye asali safi ina uzito wa kilo 28 hivi, na ukiichakachua kwa sukari iliyochemshwa unapata ndoo ya pili bila nyuki hata mmoja kuruka. Nani atakuona? Au unakosa fedha ya mbao, unaamua kutengeneza mizinga ya magome: unambandua mti gamba lote kuuzunguka, unapata mzinga wa bure, na mti unakufa umesimama. Mti uleule ambao ungechanua kwa ajili ya nyuki wako miaka 30 ijayo. Papa Fransisko alipoandika Laudato Si' mwaka 2015 alitaka tuione dunia kuwa nyumba yetu ya pamoja. Mfugaji nyuki hana haja ya kuelezwa sana, amekaa sebuleni mwa nyumba hiyo.

Kumbuka pia nta inakokwenda. Usiku wa Mkesha wa Pasaka, kanisa likiwa giza, shemasi anapoimba sifa ya mshumaa wa Pasaka, nyuki wanatajwa. Kati ya wadudu wote wa dunia, hao ndio waliopata nafasi katika usiku mtakatifu kuliko usiku wote. Kazi yao inawaka mpaka inaisha, na watu wanapata mwanga wa kusomea.

Turudi kwa binti. Nilimwambia kwamba kumheshimu baba siyo kunyamaza. Yonathani alisema, na bado alibaki upande wa baba yake hata siku ya mwisho, wakafa vitani siku moja mlimani Gilboa. Nilimshauri asiongee na baba mbele ya wageni, wala akiwa amekasirika, wala kwa ujumbe wa simu. Amwombe siku moja wakae, baba, mama na watoto, na amwulize swali lilelile aliloniuliza mimi, kwa maneno yaleyale. Mtume Paulo aliyewaagiza watoto watii ndiye huyohuyo aliyewaagiza akina baba, pumzi hiyohiyo, wasiwachokoze watoto wao.

Walikaa. Sikuwepo, kwa hiyo nasema nilichoambiwa. Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akaleta daftari, akawaonyesha hesabu zote, kilichobaki benki, deni, mizinga iliyoshika nyuki na iliyo mitupu. Mhasibu yule alikuwa hajawahi kuwaonyesha watu wa nyumbani kwake hesabu hata siku moja. Mama aliuliza maswali mpaka saa sita usiku, na kumbe ana akili ya biashara kuliko wote. Sasa hivi baba anashika hesabu za maduka mawili ya mjini siku tatu kwa wiki, kama Paulo alivyoshona mahema. Mwaka wa pili mizinga 34 ilikuwa na nyuki na walipata ndoo tisa. Mama ndiye anayeuza. Binti bado yuko shule ya kata. Ndoo tisa hazikutosha kumrudisha bweni, na wakati mwingine bado analia kwa ajili ya hilo, ni haki yake. Ila likizo iliyopita aliomba mwenyewe kwenda kulala porini na baba yake, akavaa vazi la kinga, akashika bomba la moshi.

Wewe mwenye mzazi wa namna hii, kabla ya kulala leo mwombee kwa jina lake la ubatizo. Kama tayari mmegombana, fungua Samweli wa Kwanza sura ya 14 msome pamoja, mkipokezana. Na wewe unayepanga kuandika barua, ipeleke kwanza mbele ya Ekaramenti Takatifu, kisha mbele ya mkeo au mumeo au mama yako, na usikilize wote.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyekaa miaka mingi Nazareti katika karakana kabla ya siku moja kuondoka, ukamwacha Mama yako, na ukiwa msalabani ukamtafutia nyumba ya kukaa, waangalie wazazi wetu waliochoka. Waonyeshe kama wanaitwa au wanakimbia. Wanaokwenda porini uwalinde na moto, na nyoka, na kukata tamaa. Wanaobaki ofisini uwape dhamiri isiyolala. Mama anayekaanga maandazi saa hizi, mtoto anayetembea kwenda shule ya kata, uwape kujua kwamba wewe hukuwasahau ulipomwita baba. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa wafuga nyuki, utuombee.
Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, utuombee.